Ukuta wa Upande wa Jiko

Saa mbili asubuhi kulikuwa na maji kwenye sakafu ya stoo iliyo chini ya nyumba, mstari mwembamba kando ya ukuta mmoja tu. Kuta tatu zilizogusana na udongo zilikuwa kavu. Maji yalikuwa chini ya wa nne, wa mbao, ulioitenga stoo baridi na jiko la kuokea mikate.

Seremala alipiga magoti akayagusa maji. Ukuta huo aliujenga mwenyewe, ili kumtunzia mama mkwe wake maharage ya mbegu: meupe, yenye doa jekundu, ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Magunia mengine yalikuwa yameota ukungu. Lilikuwa limebaki moja, na mama alikuwa amelikumbatia mlangoni.

"Bomba limepasuka," mama alisema.

"Mama, hapa hakuna bomba."

"Basi ukuta unalia kwa aibu ya fundi wake," alidakia mwokaji, dada wa mume wa seremala, akiwa amesimama nyuma yao, mikono imejaa unga.

"Wifi, punguza mdomo, nishikie taa."

Seremala alichana nailoni aliyoigongomea upande wa stoo. Nyuma yake pamba ya kuzuia joto ilikuwa imelegea kwa uzito. Alikamua kipande, maji yakamtiririka hadi kiwikoni. Akakamulia kingine kwenye beseni, na kingine. Beseni likajaa.



"Yametoka wapi, mwanangu?"

Seremala alielekeza kidole jikoni. "Kule. Mvuke wa mikate, wa sufuria, pumzi zetu. Umepenya mbao, umekutana na nailoni yenye baridi, umegeuka maji. Nailoni ilitakiwa kukaa upande wa joto. Nimekosea mimi."

Mwokaji aliinamia beseni. "Yaani humu nimo mimi?" aliuliza taratibu.

"Umo sana. Huishi kuongea."

Waliweka pamba mpya, na nailoni upande wa jiko, maungio yote yakazibwa kwa utepe. Mama aliacha sahani ya maharage machache stoo, ya kupimia unyevu; gunia akalipeleka chumbani kwake. Mwokaji aliendelea kuoka kila siku.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, seremala alibandua ubao mmoja upande wa stoo. Mkono wake uliingia ndani ya pamba ukatoka na vumbi kavu. Mama naye akaingiza wake, akapapasa hadi chini.

Kisha akachukua harage moja kwenye sahani, akaling'ata. Lenye unyevu hubonyea. Hilo lilipasuka, tak.

Akapanda ngazi, akarudi na gunia, akaliweka kwenye rafu ya stoo.