Paashe Ameondoka

Urafiki wa Parmuat na Sironka ulivunjika siku Parmuat alipomwita mwenzake Sironka. Mwamini, mwenye duka la simu karibu na stendi ya Karatu, aliposimuliwa habari hii aliweka kikombe cha chai chini akauliza, "Kwani haitwi Sironka?"

"Anaitwa."

"Sasa kosa liko wapi, baba yangu?"

Kosa lenyewe ukilisema haraka haraka linaonekana la kitoto, mtu mzima akakucheka. Basi tuliseme polepole.

Mwaka wa ule ukame mkubwa ng'ombe wa Parmuat walikwisha. Sisemi walipungua, walikwisha, akabaki na fimbo mkononi na zizi tupu. Sironka naye hakuwa na cha kujivunia, zizi lake lilibaki na ng'ombe wachache waliokonda mpaka mbavu zikaonekana. Lakini asubuhi moja alikuja akiswaga ndama jike mwekundu mwenye baka jeupe usoni, akamsimamisha mlangoni kwa Parmuat, akasema, "Huyu ni wako." Hakusema zaidi ya hapo. Mkewe, Kakenya, alikuwa ameshamwambia kwamba ana wazimu.

Ndama kwa Kimaasai ni enkashe, na watu wawili waliopeana ndama hawaitani tena kwa majina. Wanaitana Paashe. Huyu akiita Paashe, yule anaitika Paashe, na majina waliyopewa na wazazi wanayaacha watu wengine wayatumie. Hata wakigombana ni Paashe, hata pombe ikiwa imewapanda ni Paashe. Ukimwita mwenzako jina lake baada ya hapo, umemwambia mbele ya watu kwamba yule ndama hakukupa.

Yule ndama alikua, akazaa, na waliozaliwa wakazaa. Parmuat akainua kichwa tena. Mifugo akamwachia mdogo wake Koinet kule nyumbani, yeye akateremka Karatu kufanya udalali wa mbuzi mnadani. Aliponunua simu, namba ya kwanza kuiandika ilikuwa ya Sironka, na aliiandika Paashe.

Sasa twende kwenye ugomvi. Kijiji chao, Olmesera, kiko juu kwenye baridi, mbele ya Nainokanoka. Upande mmoja ni bondeni, anakokaa mama yake Parmuat na Koinet. Upande wa pili ni Olchorro, kwa akina Sironka, yaliko maji: chemchemi moja inayonywesha kijiji kizima. Watu wa Olchorro walichoka. Darasa likijengwa, linajengwa bondeni. Dawa za mifugo zikija, zinaishia bondeni. Wakasema wanataka kujitenga wawe kijiji kamili, wawe na mwenyekiti wao na muhuri wao. Watu wa bondeni nao wakaingiwa na hofu, kwa sababu wakishajitenga, maji yatakuwa ya nani?

Ukinisikiliza mimi, pande zote mbili zilikuwa na haki, na mambo ya namna hiyo huhitaji watu watazamane usoni. Wao waliyapeleka kwenye simu.

Kikundi chao cha kwenye simu kiliitwa Wana Olmesera Popote, na kweli walikuwa popote: Arusha, Dar, na mmoja alikuwa Ulaya ambako alikuwa anaamka mapema kuja kutukana watu. Vijana wa Olchorro wakabadilisha picha zao wakaweka maandishi, OLCHORRO HURU. Wa bondeni wakawacheka: bendera yenu rangi gani? Tukija kuwasalimia shangazi zetu tubebe pasipoti? Rais wenu ataapishwa kwenye zizi la nani? Mwanzoni watu walicheka kwelikweli, pande zote. Baadaye wakaanza kutajana babu, na kicheko kikaisha.

Sironka hakuwa mtu wa kuandika. Alituma sauti, taratibu, huku nyuma ng'ombe wakisikika. Alisema Olchorro haitamnyima mtu maji, ila inataka kusikilizwa. Parmuat, aliyekaa kwenye benchi la mnadani akingoja wanunuzi, akamjibu: "Paashe, hapo umekosea. Leo unasema hivyo, kesho mwenyekiti wenu atasema vingine." Hayo yalikuwa maneno ya haki, na Sironka aliyapokea. Alijibu, "Paashe, njoo nyumbani tuongee."

Angekwenda, hadithi hii isingekuwepo. Lakini watu wa bondeni walikuwa wamempigia makofi kwa vidole vile vya kwenye simu, na kichwa kilishaanza kuvimba. Akaandika tena, akapigiwa tena makofi. Hapo akaingia Inosenti, kijana aliyezaliwa Arusha, Kimaasai chake cha kuombea chai tu. "Mzee Parmuat," akaandika, "mbona unazungumza kwa mafumbo? Huyo Paashe ndiye nani? Kama una hoja, mtaje mtu kwa jina. Au unamwogopa?"

Wengine wakadakia. Mtaje! Mtaje! Waliokuwa wakijua maana ya neno lile walinyamaza, na hilo nalo nawalaumu.

Parmuat alisimama pale katikati ya mbuzi, damu imempanda kichwani, akaandika: "Simwogopi mtu. Ni wewe, Sironka. Sironka unayetaka mama yangu anywe maji ya kuomba."

Vidole vikamiminika. Safi sana mzee! Kula tano! Parmuat alikuwa bado anatabasamu alipoona mstari mdogo wa kijivu chini ya zile sifa zote. Simu yake ilimwonyesha jina kama alivyoliandika mwenyewe: Paashe ameondoka.

Tabasamu likamkauka. Alipiga simu, haikupokelewa. Akajipa moyo kwamba mtandao wa kule juu ni wa kubahatisha. Kesho yake hakupiga, aliona haya, na haya ikikaa siku nyingi hugeuka kiburi. Miezi ikapita. Ombi la Olchorro likalala huko lilikopelekwa, hakuna aliyelikubali wala kulikataa. Aliye Ulaya akapata ugomvi mwingine. Wana Olmesera Popote wakaanza kuuziana viatu na kubishana Simba na Yanga, na Inosenti akaweka picha ya harusi yake. Uhuru wa Olchorro ulisahaulika kabisa, akabaki mtu mmoja mnadani anayefungua simu kutazama namba ambayo haimpigii.

Mvua zilipokwisha alishindwa kuvumilia. Akapanda gari la Nainokanoka, akateremka, akatembea kwenye ukungu mpaka kwa Koinet. Kesho yake asubuhi akachagua kwenye zizi ndama jike mwekundu mwenye baka usoni, kizazi cha yule yule, akamswaga kupanda Olchorro. Njiani alikuwa akijifunza maneno ya kusema, na kila aliyoyapata aliyaona hayatoshi.

Kakenya alikuwa mlangoni. "Takwenya," Parmuat akamsalimu. "Iko," akaitika, akatazama chini. Sironka alikuwa zizini anamtoa mbuzi kupe. Alinyoosha mgongo, akaja, akampa mkono.

Alimpokea vizuri mno, na hapo ndipo Parmuat alipoogopa. Alimuuliza hali ya Karatu, hali ya mama, hali ya biashara. Akamwekea kigoda cha kukalia. Kakenya akaleta chai ya maziwa. Walikunywa, wakasema juu ya majani na mvua, na moyo wa Parmuat ukaanza kutulia. Kisha Sironka akainua birika.

"Parmuat," akasema, "nikuongeze?"

Parmuat aliweka kikombe chini.

"Paashe, nimekosa."

"Nilikusamehe siku ile ile. La sivyo nisingekupa chai."

"Nimekuletea ndama. Damu ile ile ya wako. Tuanze tena."

Sironka alikwenda kwa ndama, akampapasa baka la usoni, akasimama naye kwa muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Habari za kijiji ni siasa tu," akasema. "Ungeniambia, Paashe, wewe mwizi. Ungeniambia, Paashe, wewe mroho wa madaraka. Ningekuja Karatu tukagombana mpaka watu watuamue, halafu tukatafuta nyama. Lakini wewe ulilivua lile jina kabisa, na watu wakakushangilia."

"Basi niite tu mara moja. Mengine yatakuja."

"Unadhani sitaki?" Sironka akasema. "Nikiwa peke yangu machungani huwa nalijaribu. Nasema Paashe, na hapo hapo nawasikia wale watu wanasema safi sana mzee. Halitoki vizuri tena. Sitaki kukuita kwa uongo."

"Na huyu ndama?"

"Ndama mzuri. Mrudishe kwa Koinet. Yule nilikupa kwa sababu hukuwa na kitu. Mimi leo nina ng'ombe, sina shida ya ndama."

Parmuat alilia, na Sironka hakumzuia wala hakugeuza uso. Alipoondoka, Sironka alimsindikiza mpaka kwenye chemchemi, akangoja ndama anywe maji. "Mwambie mama yako maji yapo," akasema. "Nenda salama, Parmuat." Alilitamka jina hilo vizuri, kwa heshima, kama anavyolitamka mtu mwingine yeyote.

Wiki chache baadaye simu ya Parmuat, iliyokuwa imepasuka kioo siku nyingi, ilianza kuzimazima. Mwamini alimuuzia nyingine, na kwa kuwa namba za kwenye ile ya zamani ziligoma kuhama, akaiwasha kwa tabu na kuanza kuzinakili moja baada ya nyingine, akisoma kwa sauti ili ajue zipi za kuacha. Koinet, andika. Mchinjaji wa bucha, andika. Dereva wa Nainokanoka, andika.

"Na huyu Paashe? Nimwandike hivyo hivyo?"

Parmuat alitazama barabarani. Magari ya watalii yalikuwa yanapita kuelekea geti la hifadhi, vumbi linaingia dukani.

"Mwandike Sironka," akasema.

Mwamini, ambaye miezi yote ile hakuwa ameliona kosa, aliinua macho akamtazama. Vidole vyake vilikuwa juu ya simu na havikuandika. Kisha akaisukuma juu ya meza polepole.

"Mimi siwezi, baba," akasema. "Andika mwenyewe."

Parmuat akaichukua simu, akaandika herufi moja moja, akamrudishia aendelee na namba zilizobaki.