Vikwembe Juu ya Satini

Mwezi wa saba ndio mwezi wa arusi Lubumbashi. Mvua imekwisha, barabara za Katuba zinapitika, na hema linasimama uani bila mtu kuangalia mawingu. Kasoro yake ni baridi. Jua likiinama tu, upepo unaingia chini ya hema kama mtu aliyepewa mwaliko, na akina mama waliotoka nyumbani wamejipamba wanaanza kujikunyata kwenye viti vya plastiki.

Ntumba alikuwa mjane, watu wake wa asili ya Kasai, na baridi za mwezi wa saba alizijua. Siku ya arusi ya Mujinga, binti wa kaka yake Alphonse, alivaa kwa utaratibu. Chini kabisa alivaa soksi za sufu za marehemu mumewe. Akavaa sketi nzito, juu ya sketi akafunga kikwembe, kitenge chake cha kila siku, na juu ya hicho, kikwembe cha akina mama wa parokia. Sweta aliificha ndani ya blauzi. Mwisho, juu ya yote, akafunga kikwembe cha familia, kile cha kijani chenye ndege wa rangi ya dhahabu, ambacho wanawake wote wa upande wa bibi arusi walikuwa wamekishona sawasawa. Hicho hakifunikwi. Mwanamke akitupia koti juu ya kikwembe cha familia, upande wa pili watasema anaona haya kwa watu wake. Kwa hiyo joto lote la Katuba siku hiyo lilikuwa limefichwa ndani.

Alipokuwa anaingia uani, Kunda, shangazi wa bwana arusi, aliyetoka Kambove na familia yake, alimtazama toka chini hadi juu.

"Eh, mukwe wangu! Ulikuya na kabati yote?"

"Njo vile, Mama Kunda. Nilivala yote. Mwizi akiingia kwangu leo atakuta misumari tu."

Watu wakacheka. Ntumba naye alicheka kidogo, lakini macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye nyumba ya jirani, ambako wasichana wa kortege, wale wanaoingia wakicheza kwa heshima ya maarusi, walikuwa wanavaa.

Mmoja wao alikuwa Gracia, mjukuu wake aliyekuwa anamlea. Gracia alizaliwa na damu ya SS. Wanaoijua damu hiyo hawahitaji kuelezwa. Wasioijua, inatosha kusema kwamba baridi ikimwingia mtoto, damu inakwama njiani na mifupa inauma kana kwamba mtu anaivunja kwa ndani. Baridi ya mwaka uliopita ilimkamata akitoka mazoezi ya kwaya. Jioni alikuwa anaimba, kesho yake alikuwa kitandani hospitalini ameuma shuka kwa meno ili asipige kelele. Daktari alimwambia Ntumba kwamba ubaya wa baridi ni kuwa haiumi saa ileile. Inamwingia mtoto akiwa anacheka, kisha inadai baadaye.

Kwa sababu hiyo Ntumba alikataa habari ya kortege tangu siku ya kwanza. Gracia hakulia wala hakununa. Alimwambia nyanya yake neno moja tu.

"Kaku, kila arusi minakaa na bazee pembeni ya babula. Minajua nyimbo yote, sijaingia hata mara moja."

Babula ni jiko la makaa. Ntumba alilitazama lake likiwaka pale jikoni, akaona kwamba ni kweli: mtoto alikuwa anakua pembeni ya moto huo kama sufuria. Aliomba juu ya jambo hilo siku kadhaa, kisha akakubali, kwa sharti. Alinunua fulana nyembamba ya sufu, nguo iliyokwisha kuvaliwa Ulaya, akaikata shingo na mikono ili isionekane, na soksi ndefu za kuvaa mbili mbili. Vyote vingevaliwa chini ya gauni.

"Bantu batacheka, Kaku."

"Bacheke. Kicheko haipelekake muntu ku lopitalo. Vya chini havivuliwi. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana."

Sasa Ntumba aliingia katika nyumba ya jirani, akisema anatafuta pini. Chumba kilikuwa karibu kitupu, kinanuka manukato na pasi ya moto. Wasichana walikuwa wamekwisha kutoka kwa mlango wa nyuma kwenda kujipanga. Ariel tu alikuwa amebaki, yule binti aliyewafundisha hatua, anafunga kiatu.

Kitandani palikuwa na mkoba wa Gracia. Ntumba akaufungua. Fulana ya sufu ilikuwa ndani, imekunjwa vizuri, na soksi zote juu yake.

"Ni weye ulimuvuula?" aliuliza.

Ariel akainua uso. "Apana, Kaku Ntumba. Mi nilisema tu mabega wazi, bote mabega wazi. Fulana ilikuwa inatokea hapa." Akagusa bega lake. "Mumoja akiwa tofauti, kortege yote inaharibika."

"Kortege haina mifupa, mwana wangu."

Ariel hakuelewa. Gracia hakuwa amemwambia mtu habari ya damu yake, na Ntumba naye hakuitaja. Muziki ulianza nje. Binti akakimbia.

Ntumba alirudi chini ya hema. Jua lilikuwa limekwisha kwenda. Wasichana waliingia wawili wawili kwa gauni za satini rangi ya divai, mabega wazi, hatua mbele, hatua nyuma, na watu wakapiga vigelegele. Gracia alikuwa katika mstari wa mwisho. Alicheza vizuri. Ntumba hakuwahi kumwona akicheza hivyo, na kwa kitambo alisahau kilichomleta karibu na uwanja. Kisha upepo ukainua kingo za hema, na aliona ngozi ya mabega ya mtoto imesimama kama ya kuku aliyenyonyolewa. Midomo ilikuwa inatabasamu, lakini rangi yake ilikuwa inaondoka.

Kumwita mbele ya watu, ilikuwa kumwaibisha. Kumtoa kwa mkono, ilikuwa kuvunja kortege ya Mujinga. Kumwacha, hapana. Na wimbo ulikuwa mrefu. Ntumba aliwajua wapiga ngoma wale, walipopata watu wa kuwashangilia hawakujua kumaliza.

Ipo heshima moja ambayo kila mwanamke pale aliijua. Mtu akicheza vizuri, unainuka, unavua kikwembe chako cha juu, unakwenda kumfunga kiunoni. Ni sifa. Na kikwembe cha sifa hakivuliwi mpaka ngoma inyamaze na mchezaji aketi. Ukikivua mapema umemtukana aliyekufunga.

Ntumba akainuka. Akafungua kikwembe cha familia, kile chenye ndege, akakipeleka uwanjani akicheza kwa hatua ndogo za kizee. Wanawake wa upande wake wakapiga kelele ya furaha. Lakini alipomfikia Gracia hakukifunga kiunoni. Alimzungushia mabegani, akakivuta kifuani, akafunga fundo chini ya kidevu.

"Kaku, apana," Gracia alisema kwa meno yaliyofungwa, bila kuacha kutabasamu.

"Cheza."

Akarudi kiti chake, akavua kile cha parokia, akaenda tena. Hicho nacho mabegani. Mara ya tatu alikwenda na kile cha kila siku, kilichofifia kwa sabuni, akabaki na sketi nzito na soksi za mwanaume zinaonekana mpaka kwenye magoti. Ariel alikuwa anamtazama toka mstari wa mbele kwa macho ya kuua. Watu walicheka. Ntumba aliwasikia na hakugeuka.

Aliyefuata ndiye Kunda. Kunda alikuwa amekaa akiangalia, na kitu kimoja kilikuwa kinamchoma: upande wa bibi arusi unasifu, na upande wa Kambove umekaa. Akamgusa dada yake.

"Unaona? Bakasai banafungaka ku mabega. Njo desturi yabo. Inuka, batasema sisi bachoyo."

Akatoka na kikwembe kipya, kizito, ambacho kilikuwa bado kina wanga wa dukani. Dada yake akamfuata. Wakafuata wengine, na kwa kuwa Gracia mmoja hakuweza kubeba sifa za familia mbili, wakaanza na wasichana wengine, wote mabegani, kwa heshima ya Wakasai. Wanawake wa upande wa Ntumba, waliojua vizuri kwamba hakuna desturi ya namna hiyo, walitazamana. Kisha nao wakainuka, maana haikuwezekana kuachwa nyuma katika desturi yao wenyewe. Wimbo ulipokwisha, satini haikuonekana popote. Kortege ilikuwa imefanana tena. Wasichana walikwenda kuketi kama mafurushi ya soko, na Ariel, aliyekuwa na vikwembe vitatu, hakuwa analalamika.

Kunda alikuja kuketi karibu na Ntumba. Alikuwa anahema.

"Mukwe, iyi desturi yenu ni muzuri. Munaiitaka namna gani?"

Ntumba angeweza kutoa jina lolote. Alishika rozari mfukoni.

"Haina jina, Mama Kunda. Mutoto alikuwa na baridi. Iko na damu ya SS."

Kunda akageuza kichwa. Akamtazama Gracia, aliyeketi kule na kidevu ndani ya kitambaa, kisha akatazama zile soksi za mwanaume. Kicheko kikamjia toka tumboni, akakizuia kwa mkono, kikamshinda.

"Na kikwembe yangu mupya!"

"Itarudi."

"Nani alisema irudi? Mwachie." Akafungua kitambaa chake cha bega, akamtupia Ntumba magotini. "Funika hizo soksi. Baba wa soksi atatuona."

Gracia alikuja baadaye, fundo bado chini ya kidevu. Hakuomba msamaha. Alisimama tu mbele ya nyanya yake.

"Nilidanganya, Kaku."

"Niliona."

"Vidole ilianza kuniuma. Sasa imeacha."

"Kunywa maji," Ntumba alisema, "na ukae hapa karibu na babula."

"Na mwaka kesho?"

Ntumba aliinuka. Akamsogezea kiti.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Ntumba aliamka kabla ya kengele ya misa, akasimama nje ya pazia la chumba cha mtoto, akisikiliza. Mwaka uliopita ni saa hizo kilio kilianza. Sasa alisikia pumzi tu, na jogoo wa jirani. Alisimama mpaka miguu ikafa ganzi.

"Kaku," sauti ilisema nyuma ya pazia, nzito ya usingizi, "mukate ilibakia?"

"Ilibakia."

Akaenda kuwasha babula. Kisha akafunga vikwembe vyake, kimoja juu ya kingine, akaenda kanisani.