Neno Alilobakiwa Nalo Bucha

Kiharusi kilipompiga Bucha kilimchukulia mkono wa kulia, nusu ya mdomo, na maneno yote isipokuwa moja: freshi. Na jamani, mtu huyu alikuwa na maneno! Aliuza nyama tangu ujana wake, mtaa mzima ukamwita Bucha na mkewe akaitwa Mama Bucha. Alikuwa na uwezo wa kukuuzia mfupa mtupu, ukaondoka unamshukuru na kuahidi kurudi kesho.

Freshi ndilo lilikuwa neno lake la kazi. Nyama freshi, maini freshi, hata utumbo uliokwisha choka tangu asubuhi nao ulikuwa freshi. Ukimsalimia, yuko freshi. Ukimwambia utapita jioni, freshi. Ukiruka foleni, atakusema freshi mpaka utafute pa kuficha uso. Akifungua dirisha, kaingiza hewa freshi. Akigombana na mkewe wakapatana, "Haya, tuanze freshi." Labda alilitumia sana mpaka likaota mizizi, maana mengine yote yalipotimua mbio, hilo lilibaki.

Walimwekea kitanda sebuleni, karibu na dirisha. Wageni wakamiminika.

"Bucha, mambo?"

"Freshi!"

Wacha wacheke, wacha wapige makofi! "Huyu mgonjwa gani? Anatuzuga tu huyu!" Wakanywa chai, wakaaga, wakaenda zao na roho nyeupe. Mama Bucha akabaki na mwanamume anayetiririkwa na machozi, kwa sababu kumbe muda wote ule alikuwa anawaambia kwamba mto umemkunja shingo.

Basi Mama Bucha akajifunza. Hakuna aliyemfundisha, ni kukaa tu na mtu na kumpenda. Freshi fupi, iliyokatwa kama kwa kisu, ilikuwa maji. Yenye aibu, ya chini chini, ilikuwa choo. Mbili za harakaharaka, mto. Ile ya puani ilikuwa "mtoe huyu mtu humu ndani", na mara nyingi ilimlenga dada yake mwenyewe, maana wifi yake Mama Bucha alikuwa mwema lakini mdomo wake haukujua kupumzika.

"Nyie mmekuwa redio sasa," wifi alisema. "Mmoja anakoroma, mwingine anasoma taarifa."

Mama Bucha alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kumwelewa alimwelewa. Alichokosa ni mwenzake wa kugombana naye. Miaka yote ile walibishana juu ya chumvi, juu ya majirani, juu ya nani aliacha taa ikiwaka, na sasa nyumba ilikuwa kimya mpaka inauma. Alitaka maneno ya mumewe yarudi. Hakuwa na ombi jingine duniani.

Hospitali ikawatumia binti wa kumfundisha mgonjwa kusema, mpole, mwenye mkoba wa picha za vikombe na viatu na mbuzi. Akakaa, akatazama. Bucha akasema freshi, kikombe cha maji kikafika kabla hajafumba mdomo.

"Mama, wewe ni mkalimani mzuri mno," yule binti alisema, "na hapo ndipo penye shida. Atatafuta neno lingine la nini, ikiwa hili moja linamletea kila kitu? Anza kutomwelewa. Akitaka maji, muulize anataka nini. Akionyesha kwa mkono, usiufuate mkono. Mdomo ndio ulazimike. Miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kurudisha maneno, Mama. Ikipita, tutabaki na tulichopata."

Hayo ya mwisho yalimchoma. Akapiga moyo konde.

Siku ya kwanza ilikuwa mateso. "Freshi," Bucha alisema, fupi, ya maji.

"Sikuelewi, mzee. Unataka nini?"

Bucha alimtolea macho. Akarudia polepole, kama mtu anayezungumza na kiziwi. Akarudia kwa sauti. Akageukia ukutani. Mama Bucha alikwenda jikoni na kikombe chake kilichojaa, akalia huku kakishika, halafu akajifuta na upande wa kanga akarudi kuuliza tena, "Unataka nini?"

Ikawa hivyo kila kutwa. Wifi akamwita katili. Naye mwenyewe alijiona katili, lakini alimeza.

Kisha asubuhi moja Bucha alibana midomo, uso ukamwiva, jasho likamtoka, na kitu kikachomoka: "Ma."

"Ma!" Mama Bucha alipiga kelele. "Ma nini? Maji! Maji, baba wee, hata pipa zima nitakuletea!" Akammiminia mpaka yakamwagika kifuani, akacheza pale pale sebuleni peke yake na malapa yake miguuni, na Bucha akacheka na ile nusu ya mdomo. Akampigia simu wifi. Akampigia yule binti. Tangu siku hiyo akakaza kamba zaidi, maana sasa alikuwa ameona kwa macho yake kwamba inafanya kazi.

Mchana mmoja alikuwa anapiga pasi. Bucha akasema freshi.

Haikuwa ya maji. Haikuwa ya choo wala ya mto. Ilikuwa nzito, ya kuvutwa, na hajawahi kuisikia. Moyo ulimlipuka, akaiweka pasi chini, akainuka nusu. Halafu akakumbuka ile "ma".

"Unataka nini?"

"Freshi." Mkono wa kushoto ulipanda mpaka kichwani, ukashika juu ya sikio.

"Mkono shusha. Sema kwa mdomo. Ki... ki-chwa. Haya, sema 'ki' tu."

"Freshi. Freshi."

"Nakusikia, lakini sikuelewi."

Alimtazama. Mama Bucha aliwahi kutazamwa na mume huyu kwa hasira, kwa mapenzi, kwa ulevi wa sherehe, lakini hivi hajawahi. Alimtazama kama mtu aliyefika kwake akakuta kufuli la mtu mwingine. Akasema freshi mara moja tena, ndogo, karibu na pumzi tu, akanyamaza.

Amenuna, Mama Bucha alijiambia. "Haya, ukinuna, nuna freshi," akamtania, akashika pasi yake. Akamaliza mashati. Akakunja na shuka. Alipomletea uji alikuta jicho moja limetazama juu na mate yanamtoka, na bakuli likamponyoka.

Cha pili hicho, daktari alisema. Kikubwa kuliko cha kwanza. Walipomrudisha nyumbani alikuwa anameza akilishwa, na basi. "Ma" ilikuwa imekwenda. Freshi nayo ilikuwa imekwenda. Yule binti alikuja, akamwonyesha kikombe, kiatu, mbuzi, akazirudisha picha mkobani moja moja.

"Nisamehe, Mama," alisema mlangoni, na hakurudi tena.

Ndugu walijaa sebuleni. Wifi aliuliza, safari hii kwa upole ambao hakuuzoea, "Wifi yangu, kabla hakijampiga, hakusema kitu?"

"Alisema freshi."

Watu wakatikisa vichwa. Mmoja akaguna. "Masikini," wifi akamkumbatia, "sasa hapo ungejuaje? Usijilaumu. Hakuna ambaye angejua."

Wote wakaitikia. Wakamfariji kwa zamu, ungejuaje, ungejuaje, na kila aliyesema alimwongezea jiwe kifuani. Aliwaacha waseme mpaka wakachoka, wakanywa chai yao, wakaaga.

Walipoondoka aliivuta stuli mpaka kitandani, akaushika ule mkono wa kushoto.

"Nilikuelewa," alimwambia. "Mzee, sikiliza. Nilikuelewa."

Bucha alikuwa ametazama dirishani. Mama Bucha akamgeuza uso taratibu amtazame yeye, na macho yakampita, yakatua kwenye mlango.