Mota ya Turubai la Rut

Rut hakuwa mtu wa kuamini mafundi. Tangu biashara huria ianze alishaona watu wakipeleka gari zima gereji na kurudishiwa makapi, na bado wanasema asante. Ndiyo maana alipokwenda Ngana kwa fundi mzee Zebedayo alipakia na kigoda chake. Angekaa pale pale na kumkodolea macho hadi bolti ya mwisho.

Gari lenyewe lilikuwa la kulala ndani, lenye jiko na kitanda, aliuziwa na wazee wawili wa Kizungu waliochoshwa na barabara wakaamua kurudi kwao kwa ndege. Kitanda alikitoa, akajaza mitumba. Ubavuni lilikuwa na turubai kubwa lililojikunjua kwa umeme ukibonyeza swichi, na turubai hilo ndilo lililokuwa duka. Kyela mvua hainyeshi, inamwagwa. Bila turubai hakuna mnada wa Ngonga wala wa Mwaya. Sasa mota yake ilikuwa imekufa, na mpya ilikuwa ya kuagiza Johannesburg, kwa bei ambayo ingebidi auze gari ndipo ainunue.

"Nenda kwa baba," mpenzi wake Lugano alikuwa amemwambia wiki mbili nyuma, mota ilipoanza kusumbua. "Atakufungia mota ya waipa, ya kufutia kioo, ya pikapu iliyokufa. Hutaumia."

Huyo Lugano naye! Miaka miwili anasema atapeleka posa, na posa haionekani. Rut alimwendea baba mtu akiwa na shaka mbili, moja ya mota na moja ya mwana.

Hakuchelewa kupata ya tatu. Zebedayo alipoliona gari linaingia uani alidondosha spana, akazunguka nyuma ya nyumba mbio mbio, na umri wake ule. Akatoka mkewe, anafuta mikono kwenye kanga.

"Ugonile, mwanangu. Mzee anasema uache gari, ukapumzike kwa jirani."

"Sijachoka, mama. Nitakaa hapa hapa."

Nyuma ya ukuta mzee akakohoa. "Mama Lugano, mwambie siwezi kufanya kazi akiwepo."

"Anasema hawezi kufanya kazi ukiwepo."

"Nimemsikia! Kwani mota inaona haya?"

Basi Rut akajitwika kigoda, akaaga kwa sauti kubwa ili asikike, akaenda zake. Alipofika kwenye mikakao ya jirani akakata kona, akarudi akinyata, akachuchumaa mahali pa kuonea.

Mzee alikuwa fundi, hilo lazima lisemwe. Mota ya waipa aliikalisha juu ya kipande cha tairi, isiguse bati la gari, ili waya zikigeuzwa nayo izungukie upande wa pili, itoe turubai na kulirudisha. Rut karibu alainike. Lakini mara mzee akaiokota mota ya zamani, akaifuta vizuri, akaifunga ndani ya kitambaa na kumpa mkewe, naye akaingia nayo ndani.

Damu ikampanda Rut. Mota ya Kizungu, shaba tupu ndani yake, inafichwa mchana kweupe! Alichomoka kwenye mikakao, akamshika mzee mkono.

"Mwizi! Nitazame usoni uniambie umepeleka wapi kitu changu! Nitazame!"

Mzee hakumtazama. Alijinasua, akavuta kofia hadi puani, akachutama nyuma ya gurudumu na kugeuzia uso kwenye mpira.

Mama Lugano alitoka mbio, kifurushi mkononi. "Umefanya nini, Rut? Ng'ombe wa mahari wamefika kwenu Mwaya tangu Jumapili. Baba yako amewapokea. Kwani hujui?"

Hakujua. Wiki nzima alikuwa kwenye minada. Ila alikuwa Mnyakyusa, na yaliyobaki hakuhitaji kuelezwa. Ng'ombe wakishapokelewa, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani tena, hawasemezani, hata njia moja hawapishani. Kanisa lilimwachisha mzee Zebedayo pombe. Hili hakuna aliyemwachisha.

"Na hii," mama alisema huku akimwekea kifurushi mikononi, "aliniambia nikukabidhi ukirudi. Kwamba mwenye mali aondoke na kifaa chake cha zamani, asije akadhani ameibiwa."

Rut alijitanda kanga kichwani, akageuka. Lugano hakuwa mwongo, na furaha ya jambo hilo ilimjia pamoja na aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Alinyoosha mkono, akabonyeza swichi. Turubai likatoka taratibu, bila kukwama, likafunika nusu nzima ya ua.

Alitaka kuomba radhi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na wa kuambiwa alikuwa hatua tatu tu, nyuma ya gurudumu. Lakini kuyasema kungekuwa kumkosea mara ya pili. Maisha yake yote angekula na watu wa nyumba hii, angezaa wajukuu wa mzee huyu, na neno pekee alilowahi kumwambia ana kwa ana lingebaki kuwa mwizi.