Meno ya Babu Kitabuni

Sura yangu haimo katika kitabu chochote cha mjomba. Ni nzuri mno kwa historia. Wengine wote pale nyumbani wamo, maana mjomba huchora vitabu vya historia vya watoto, na huwa anawasimamisha sebuleni wamwigizie watu wa zamani.

Kwa picha ya watu wakichimba barabara kwa shuruti alimsimamisha babu, baba yake mzazi, akampa ufagio badala ya jembe. Babu aliichimba barabara hiyo ujanani, fimbo ikiwa mgongoni. Hakuhitaji kufundishwa kuinama.

Mhariri aliitazama picha. "Mbona amenuna? Watoto watauliza maswali. Mpe tabasamu."

"Huyo ni mzee wangu. Hakuwa anacheka."

"Basi atacheka sasa. Au nimpe mwingine amalizie?"

Mjomba aliufuta mdomo pichani, akachora tabasamu. Siku kitabu kilipotoka mtamboni, babu aliamka anatabasamu, meno yote yamo, na mimi tangu nizaliwe namjua ni kibogoyo. Mama alimtazama, akamwongezea mkate.

"Angalau utatafuna, baba."

Shida ilianza tumbo lilipomkata. Tukampeleka hospitali. Daktari aliona meno, akasema mzee ni mzima, arudi nyumbani. Mimi akaniambia nishushe mkono, maswali baadaye.

"Naumwa, mwanangu," babu alisema, huku anatabasamu.

"Wanaoumwa hawako hivyo, mzee."

Mjomba alikwenda kuomba picha ibadilishwe. Mhariri akamjibu kwamba kitabu kimeshafika madarasani na walimu wanakisifu. Basi akarudi, akachukua nakala ya bintiye, akaufuta ule mdomo na kuuchora upya. Pembe moja ya mdomo wa babu ilishuka kidogo, ikasita, ikapanda tena. Nakala moja ingefanya nini mbele ya shule zote zile? Tangu hapo mjomba anazunguka shuleni na kifutio mfukoni, walinzi wanamtimua getini.

Babu hainuki tena kitandani. Majirani wanaokuja kumjulia hali wanasema uso umenawiri, kisha wanaaga mapema.

Jana nilikuwa namlisha uji kwa mkono wa kushoto. Binti wa mjomba alikaa sakafuni na kitabu chake.

"Kaka, huyu msimamizi aliyefunikwa uso na kofia, aliyeinua fimbo nyuma ya babu, ni nani?"

"Watu wa zamani tu hao. Soma."

Hakusoma. Alitazama ukurasa, akanitazama mimi.

"Mbona mkono wako wa kulia haushuki?"