Ngazi Iliyonyolewa

Ngazi ya chuma ya nyumba ile ilikuwa na vipandio kumi na vinne, na kila kimoja kilikuwa na kutu yake. Ukishika reli unabaki na unga mwekundu kiganjani. Ukipanda na nguo nyeupe unafika juu na nguo ya rangi mbili. Binti wa nyumba, karani wa posta mwenye haraka zake, akakata shauri: Jumatatu anakuja fundi rangi, mjadala umefungwa.

Mjadala gani, jamani, na baba yake hakuulizwa? Huyu mzee alikuwa kinyozi, tena kinyozi wa miaka arobaini, si hawa wa kupitisha mashine kichwani mara mbili na kuita anayefuata. Miaka miwili nyuma mikono ilianza kumtetemeka. Akamgusa mteja sikio kwa wembe, damu tone moja tu, akafunga duka mwenyewe kabla hajafungiwa. Tangu hapo hakuna aliyemwachia hata kisu cha kumenyea kitunguu. Balbu ikiungua, anaitwa jirani. Kitasa kikilegea, anaitwa jirani. Na sasa ngazi, ambayo aliisimamia kwa macho yake ikichomelewa, nayo ipakwe na mtu baki! Aliona wazi kwamba akikubali hili, amebakiwa na kazi moja tu hapa duniani, nayo ni kukaa kwenye kiti.

Alimwambia bintiye kwamba ataipaka mwenyewe. Binti akaitikia sawa baba, kwa sauti ile ya mtu anayetafuta funguo zake, akafunga begi, akaenda semina ya siku tatu. Rangi ya kijani na brashi aliviacha chini ya ngazi, pamoja na agizo kwamba fundi apewe chai.

Fundi akafika saa mbili kamili, ovaroli imejaa madoa ya rangi za nyumba za watu. Kinyozi alimngoja getini, leso puani.

"Pole kwa safari, fundi," akamwambia. "Humu ndani tuna tetekuwanga."

Fundi alirudi nyuma hatua tatu bila kugeuka. Akauliza kama mzee naye ameipata. Mzee akajikuna shingo polepole, na fundi akaondoka hata kwaheri haikusikika vizuri. Uongo mtupu, na mtu mzima na mvi zake! Lakini kama kinyozi aliona aibu, basi ilikuwa aibu ya dakika moja, maana dakika ya pili alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

Siku mbili nzima aliikwangua ile ngazi. Alianza na brashi ya waya, akafuatisha msasa mkali, kisha msasa laini, na kila pembe aliiinamia akainua kidevu chake mwenyewe kana kwamba chuma nacho kitamwiga. Magoti yalimlaumu, hakuyasikiliza. Alipofika kipandio cha mwisho alikuwa anapiga mluzi, jambo ambalo hakulifanya tangu duka lifungwe. Asubuhi ya siku ya tatu akaiosha ngazi nzima kwa povu la sabuni, akaifuta kwa taulo, na chuma kikang'aa hadi akajiona pua.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mkono wa miaka arobaini hauulizi mwenye nao. Ukishanyoa, ukaosha, ukafuta kwa taulo, unajua kinachofuata, na kinachofuata ni mafuta. Kinyozi alichukua chupa yake ya mafuta ya kulainisha ngozi, akamimina kidogo kiganjani, akaipaka ngazi taratibu kutoka juu hadi chini, reli na vipandio vyote. Akairudia na mahali pa pembeni pasikauke. Kisha akafungua kopo la rangi, akapaka juu yake, akaridhika kabisa.

Jioni binti akarudi. Aliona ngazi ya kijani, akatabasamu, akashika reli. Rangi ikamfuata mkononi nzima nzima, kama utando wa maziwa yaliyochemka, na mguu ukateleza akakaa kwenye kipandio cha pili na sketi yake ya kazini. Kinyozi alisimama juu, brashi mkononi, akingoja agombezwe. Heri angegombezwa. Binti alikitazama kiganja chake, akamtazama baba yake, akasema kwa upole, "Baba, si ungekaa tu."

Maneno hayo yalimkata maini. Alikula kidogo, akasema ameshiba, akaenda kulala na hasira yake, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe.

Kesho yake fundi aliitwa tena. Alisimama nje ya geti akauliza kwanza habari ya tetekuwanga. Binti alimgeukia baba yake. Baba yake alikuwa akichunguza mawingu. Fundi akaelewa, akaingia akinung'unika, akalowesha kitambaa kwa thina na kuanza kuifuta ile rangi iliyoshindikana. Akafuta kipandio kimoja, cha pili. Akapitisha kidole kwenye kona, akakinusa.

"Nani kakwangua chuma hiki?"

Kinyozi akasema ni yeye. Akakiri na mafuta, na sababu ya mafuta, maana hapakuwa na pa kujificha. Fundi alicheka hadi akashika reli, akajipaka naye. Lakini alipomaliza kucheka hakurudi kwenye kitambaa. Alisema vijana wake wanapaka juu ya kutu, rangi inabanduka kabla ya mwezi kwisha, na wateja wanampigia simu hadi anazima. Ana shule yenye ngazi nane za chuma, kazi inaanza Jumatatu, na hajaona chuma kilichokwanguliwa hivi tangu aanze ufundi.

Kinyozi alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, ikatetemeka wazi mbele ya watu, akamwuliza kama ameiona vizuri.

"Nimeiona," fundi akajibu. "Mkono uliotulia nautafuta kwa mtu wa brashi, mzee. Msasa unataka mkono unaokwenda, na huo wako hauna breki."

Akamgeukia binti kuuliza kama Jumatatu mzee ana nafasi. Binti akaanza kutaja dawa za presha, na jua, na magoti.

"Mwenyewe nipo hapa," kinyozi akasema.

Basi fundi akamwuliza mwenyewe. Kinyozi hakujibu haraka, ng'o. Aliangalia juu, akahesabu vidole kama mtu mwenye miadi mingi, akamwacha mwenzake asimame juani kidogo. Ndipo akasema Jumatatu yupo, ila mafuta yake atayaacha nyumbani.

Binti aliingia ndani. Alirudi na koti la kazi la kinyozi, jeupe, ambalo miaka yote miwili lilikuwa limekunjwa chini ya shuka, akauliza kama alipige pasi.

"Liache," baba yake akamwambia. "Litachafuka."