Msiba wa Pikipiki ya Eliécer

Pikipiki ya mume wangu haikuwa na ugonjwa wowote. Nasema mapema, kwa sababu mpaka leo wako watu hapa Malambo wanaodai Eliécer aliiua mwenyewe kwa kuichokonoachokonoa. Waongo wakubwa. Juu ya kifuniko cha tangi kuna kitundu kidogo, hata pini inapita kwa kubembelezwa, na kazi yake ni kuingiza hewa petroli inaposhuka. Kikiziba, petroli inagoma kushuka na injini inazimika. Ndiyo hivyo tu. Na kilichokiziba ni unga wa wanga, ule mweupe laini wa kuwapikia watoto uji, ambao sisi karnivali ikikaribia tunapakana usoni na kumwagiana kichwani.

Mtu mmoja alilijua hilo tangu mwanzo. Wilfrido, kaka yangu mimi, tumbo moja.

Ilianza Januari. Karnivali yenyewe bado, lakini hapa kwetu nani anasubiri? Eliécer alikuwa anarudi kutoka kijiweni anakopakia abiria, vijana wa kona wakamvamia na mfuko mzima wa unga, halafu wakammwagia na maji juu yake. Akacheka. Hapa ukimwagiwa unga ukanuna, umekwisha. Utasemwa mpaka unazeeka. Akajifuta, akapangusa kiti na tangi kwa kitambaa, jua likakausha kilichobaki. Kesho yake akiwa na abiria, pikipiki ikakohoa, ikafa katikati ya barabara. Ilipopumzika ikawaka. Ikaenda kidogo, ikafa tena.

Pikipiki ile ndiyo ilikuwa sufuria yetu. Mimi nakaanga arepa za yai, vile vitumbua vya unga wa mahindi vyenye yai ndani, hapo mbele ya nyumba, sawa, lakini arepa zinanunua chumvi na sabuni, hazilipi kodi. Na mwanamume asiye na pikipiki hana nafasi kijiweni, wako wanaoivizia. Fundi hatukumudu. Kwa hiyo kila siku pikipiki iliyolala uani, sisi tulikula wali mtupu.

Basi Eliécer akatandika shuka kuukuu uani. Akafungua kabureta, akaweka vipande vyake ndani ya sahani yangu ya supu, akaanza kuvisugua kwa petroli na mswaki.

"Huo mswaki wa nani?" nikamuuliza.

"Wangu."

"Na meno utasugulia nini?"

"Nitasukutua, Nuris mke wangu. Niache."

Akapuliza kila kitundu cha kabureta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Akachomoa mpira wa petroli, akafungua kifuniko cha tangi kuangalia ndani, petroli ikatiririka bila shida. Akarudisha kila kitu mahali pake, akapiga kiki. Ikawaka mara moja! Akanibusu kichwani, mikono inanuka petroli, akatoka nayo anapiga honi kama bwana harusi. Sijageuza hata arepa moja kwenye mafuta, nikamwona anarudi anaikokota, jasho linamtoka, na kijiwe kizima kinampigia miluzi.

"Eliécer, unaipeleka malishoni?"

"Ifunge kamba shingoni, isije ikatoroka!"

Mnaona jinsi ilivyokuwa inamdanganya? Kila akitengeneza, lazima afungue kifuniko. Akifungua, hewa inaingia, pikipiki inapona. Akifunga akaondoka, inakabwa upya. Ingekataa kuwaka kabisa, labda angeshtuka akatafuta kwingine. Lakini kila jioni ilimpa matumaini, na kila jioni ikamrudisha kwa miguu.

Wilfrido alikuwa anapita kwetu akitoka kazini machinjioni. Anavuta kigoda changu, anakula arepa zangu bure, anatoa ushauri. Yeye amekuwa na pikipiki tangu ana ndevu za kuhesabu, na Eliécer alimwamini kuliko padri. Jioni ya kwanza Eliécer alipofungua kifuniko, tangi likavuta pumzi: fyuuu! Wilfrido akaacha kutafuna. Nilimwona. Nikadhani kang'ata ganda la yai.

"Koki hiyo, shemeji," akasema. "Badilisha koki."

Eliécer akabadilisha koki. Ikawaka, ikafa.

"Basi ni boya. Boya la kabureta limetoboka, linazama."

Eliécer akalitoa boya, akalitia kwenye maji, akalikodolea macho kusubiri mapovu. Hakuna mapovu.

"Tundu lake halionekani kwa macho," Wilfrido akasema, anapangusa mafuta mdomoni. "Weka jingine."

Akaweka jingine. Akabadilisha sindano ya kabureta, akabadilisha mpira, akabadilisha plagi. Redio ikaenda kwa ajili ya sindano. Saa yake ya mkononi ikaenda kwa ajili ya plagi. Mimi mdomo sina breki, nikamwambia mbele ya Wilfrido kwamba mwanamume anayeshindwa na chombo kinachokunywa petroli tu, mtoto anayekunywa maziwa angemshinda mara mia. Wilfrido alicheka mpaka akapaliwa. Eliécer aliinama, akaendelea kusugua.

Kuelekea karnivali, kijiweni wakampa nafasi yake mwingine. Hawakumwambia. Alikwenda asubuhi kwa miguu kuwasalimia, akakuta mtu amekaa pale pale pake.

Wilfrido akaja jioni hiyo hiyo, akachuchumaa kando ya pikipiki, akatega sikio kwenye injini kama daktari, akatikisa kichwa.

"Shemeji, nikuambie ukweli au nikufiche?"

"Niambie."

"Injini imekwenda. Pistoni imekula ukuta. Hii ni chuma chakavu."

"Lakini inawaka, shemeji. Inawaka vizuri kabisa."

"Hata mgonjwa wa kufa huwa anaomba supu." Akamshika bega. "Sikiliza. Wewe ni mume wa dada yangu. Nina friza nyumbani, kuukuu lakini inagandisha. Nuris atauza barafu. Nipe hilo jeneza, nikauze vipuri nipunguze hasara yangu."

Eliécer akanitazama mimi. Nikasema chukua friza. Kaka yangu anatuonea huruma, nikasema, unasubiri nini? Wakaandikiana karatasi juu ya meza yangu ya unga, Wilfrido akaisukuma pikipiki mpaka kwake bila hata kujaribu kuiwasha. Friza ilipofika ilikuwa inanguruma usiku kucha na maji yake yalikuwa ya baridi tu, hayagandi.

Jumanne ya mwisho ya karnivali tunamzika Joselito, yule mlevi wa kuigiza anayekufa kila mwaka sherehe zikiisha. Wanaume wanavaa magauni meusi, wanakuwa wajane wake, wanapita mitaani wanalia uongo. Mwaka ule Joselito akaja amechelewa. Mbele yake ulitangulia msiba mwingine.

Tulisikia vilio kwanza. Kisha wakatokea kwenye kona, kijiwe kizima, wanasukuma mkokoteni wa mbao, na juu yake pikipiki ya mume wangu imelala, imefunikwa shuka jeupe na maua. Mbele kabisa Wilfrido, gauni jeusi, wigi, vibuyu viwili kifuani, anajipiga kifua mpaka vibuyu vinagongana.

"Aaai, mume wangu!" akalia. "Umekufa kwa njaa na tumbo limejaa!"

Mtaa mzima ukatoka. Wakauweka mkokoteni mbele ya mlango wetu. Eliécer alikuwa amesimama kizingitini, mkononi ana bilauri ya maji.

"Waombolezaji," Wilfrido akasema, "daktari aliyemtibu marehemu ndiye huyu hapa. Kampasua roho, kampasua maini, kampasua koo. Alisahau kitu kimoja tu. Pua!"

Wakaisimamisha pikipiki. Wilfrido akachomoa pini kwenye wigi, akaiinua juu ili kila mtu aione, akaitumbukiza kwenye kitundu cha kifuniko, akaizungusha. Kikatoka kipande cha unga mkavu, kidogo, cheupe. Akakiweka kiganjani, akakipeleka kwa kila mtu akione, mwisho akakipeleka mbele ya uso wa Eliécer.

"Mgonjwa alikuwa na makamasi, shemeji!"

Akapanda na gauni lake, akapiga kiki. Ikawaka. Akaondoka nayo mpaka mwisho wa mtaa, akarudi, akaenda tena, akarudi, na haikukohoa hata mara moja. Watu walikuwa wanalia kwa kicheko, wanashikana mabega. Bi Edelmira, jirani yangu, alikaa chini kabisa mavumbini, anashika mbavu.

Eliécer akacheka. Afanye nini? Ilikuwa karnivali. Alicheka na wao, mdomo wazi, na maji kwenye bilauri yakawa yanamwagika miguuni pake.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza Wilfrido.

"Tangu fyuuu ya kwanza, dada." Akanikonyeza. "Si ucheke kidogo? Leo Jumanne!"

Nikaenda ndani kuchukua mwiko wa kukaangia. Naapa kwa Mungu nilikuwa nampasua kichwa pamoja na wigi lake. Lakini nilipotoka nikamkuta ameshamshika mume wangu bega, anamsemesha polepole.

"Mimi machinjio hayaniachii nafasi, shemeji. Pikipiki inataka dereva. Unaijua kuliko mtu yeyote. Hesabu unaniletea kila jioni, kinachozidi chako. Kijiweni nishaongea nao, utarudishiwa nafasi yako."

Eliécer akaweka bilauri chini.

"Nianze lini, shemeji?"

"Kesho."

"Asante, shemeji."

Asante! Nilimvuta ndani, nikafunga mlango, nikamwambia yote ambayo mdomo wangu uliweza kubeba. Kwamba ile ni pikipiki yake. Kwamba anakwenda kukodi jasho lake mwenyewe kwa mwizi. Kwamba natoka sasa hivi kwenda kumvua nguo kaka yangu mbele ya umati.

Akanishika mikono yote miwili. Mume wangu hajawahi kunishika kwa nguvu vile.

"Nuris, nakuomba. Usimtukane. Atampa mtu mwingine."

Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu. Eliécer alikwenda kwa Wilfrido alfajiri, akaiosha pikipiki, akaanza kazi. Baadaye kaka yangu akaja kwangu akitoka kanisani, ana msalaba wa majivu kwenye paji la uso, akavuta kigoda. Nikamwekea arepa kwenye sahani, nikampa kwa mikono miwili. Akamega, akatafuna, akakunja uso.

"Dada, yai limekauka hili."

"Samahani, kaka," nikasema, nikamkaangia jingine.